Bunduki Walipewa, Amri Je?

Somanga, pwani ya Kilwa mkoani Lindi, siku hizi hutajwa kwa gesi. Bomba kutoka Songo Songo linapanda nchi kavu hapo kabla ya kushika njia ya Dar es Salaam. Wazee huitaja kwa vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani: mwishoni mwa Julai 1905 Wamatumbi waliteremka milimani, wakaivamia na kuharibu pamba. Katika masimulizi hayo wapiganaji wote ni wanaume. Kinjikitile Ngwale, aliyegawa maji ya kuwakinga wapiganaji, anafahamika. Nduna Mkomanile, mwanamke aliyeongoza Kitanda, Ungoni, hatajwi, ingawa maji hayo yaliyotoka upande huu yalipokelewa kwake, na Wajerumani wakamnyonga Songea mwaka 1906 pamoja na viongozi wanaume. Mkoloni alimhesabu kuwa kiongozi wa vita. Waliosita kumhesabu ni sisi.

Ndiyo maana nasikitika ninaposikia ikijadiliwa kama mwanamke anafaa kuwa afisa vitani, kana kwamba jambo lenyewe ni geni kusini.

Mwaka 1967, huko Nachingwea, ndani ya mkoa huu huu wa Lindi, FRELIMO, harakati ya kupigania uhuru wa Msumbiji dhidi ya Wareno, iliwapa wasichana 25 mafunzo ya kijeshi ya miezi mitatu. Mmoja wao alikuwa Josina Muthemba, aliyekuja kuolewa na Samora Machel, Rais wa kwanza wa Msumbiji. Kikosi cha Wanawake kilianzia hapo. Walijifunza silaha, na kazi iliyowangoja ng'ambo ya Mto Ruvuma ilikuwa kubeba risasi na dawa, kulinda maeneo yaliyokombolewa, na kuingia vijijini kuwavuta watu upande wa mapambano.

Wapo wanaosema hao walikuwa wapagazi na wauguzi waliovikwa sare. Sikubaliani nao. Katika vita vya msituni hakuna nyuma ya mstari. Aliyebeba sanduku la risasi aliwindwa na ndege zile zile za Wareno zilizomwinda aliyeshika bunduki. Hata hivyo hoja yao inagusa jeraha la kweli. Afisa hupimwa kwa amri: anapotamka, nani anatii? Josina, aliyetetea katika Kongamano la Pili la FRELIMO la 1968 kwamba wanawake washiriki kikamilifu katika kila eneo la mapambano, mwaka 1969 alikabidhiwa Idara ya Ustawi wa Jamii: yatima, watoto, malezi. Ilikuwa kazi nzito, na bila hiyo maeneo yaliyokombolewa yasingesimama. Lakini nauliza kwa nini ulezi ulimwangukia mwanamke, huku ramani za mashambulizi zikibaki mezani kwa wanaume. Aliugua, akafariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971, akiwa na miaka 25 tu. Msumbiji imeifanya tarehe hiyo Siku ya Mwanamke. Sisi tuliowapa ardhi ya kujifunzia tumeiachia ipite.

Waliokuwa na miaka 20 mwaka 1967 sasa wanakaribia 80. Nachingwea wapo bibi na babu walioishi jirani na kambi ya FRELIMO ya Farm 17 na kuwaona wasichana hao wakifunzwa. Walimu wa historia wa Lindi na Kilwa wawafuate mwaka huu wakiwa na kinasa sauti, wawaulize hasa ni nani aliyekuwa akitoa amri.