Alama za Damu Yetu Zisomwe Hapa Kwetu

Mwaka 1978 wataalamu wawili wa San Francisco, Y. W. Kan na Andrée Dozy, walitangaza jambo linalotuhusu sana sisi wa Kitura na wa mwambao wote wa Ziwa Nyasa. Waliona kwamba jeni iletayo ugonjwa wa selimundu hufuatana, kwa Wamarekani weusi walio wengi, na alama fulani iliyo jirani nayo katika uzi wa urithi. Uzi huo ukikatwa kwa kimeng'enya maalumu, kipande chenye jeni hiyo hutoka kirefu kuliko kawaida. Mwaka 1983 njia ya namna hiyo ilionyesha mahali ilipojificha jeni ya ugonjwa wa Huntington, kwa msaada wa damu ya jamaa za wavuvi wa Ziwa Maracaibo huko Venezuela (nao ni watu wa ziwani kama sisi).

Lakini damu ya watu wa Kenya ilipochunguzwa, jeni ile ile ya selimundu ilikutwa na kipande kifupi. Alama iliyofaa Marekani ingempotosha daktari wa huku. Ndiyo maana tunasema kwamba elimu ya damu yetu haiwezi kuazimwa.

Siku hizi jeni hiyo husomwa moja kwa moja, wala haihitaji kutafutwa kwa jirani yake. Inakisiwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka katika nchi yetu, nao Muhimbili wamekuwa wakiwafuatilia wagonjwa kwa utafiti tangu mwaka 2004. Ila kutoka Mbamba Bay hadi Muhimbili ni zaidi ya kilometa 1,000. Tangu mwaka 1954 Anthony Allison alikwisha kuonyesha kwamba jeni hii imeshamiri penye malaria nyingi, na kwamba mwenye kuirithi kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani. Nani asiyeijua malaria ya Liuli na Lituhi?

Huku vijijini mtoto akivimba vidole na kulia kwa maumivu ya mifupa, lawama humwangukia mama au jirani. Ukweli ni kwamba mtoto huugua pale baba na mama wote wawili wanapompa jeni hiyo. Wazazi wasiougua, lakini wenye kuibeba wote wawili, hukabiliwa na hatari ya mmoja kwa wanne katika kila mimba. Hapana mchawi hapo.

Tone la damu ya kisigino cha mtoto mchanga latosha kupima. Penisilini na kinga ya malaria zikianza mapema, wengi huokoka. Basi wakija watafiti kuchukua damu mwambaoni na visiwani, wawaeleze kwanza wananchi inakwenda wapi, na majibu yarudi katika zahanati ile ile ilikotolewa. Nayo Wizara ya Afya tunaiomba itamke ni mwezi gani kipimo hicho, pamoja na vidonge vya haidroksiyurea, vitafika katika kila kituo cha afya cha wilaya za Nyasa na Mbinga.