Paka mwenye kisukari hatibiwi kwa kukisia

Simu yangu ililia saa nne za usiku, miezi kadhaa iliyopita. Aliyekuwa akipiga ni mama mmoja wa Buruburu ambaye nimekuwa nikimtibu kisukari kwa zaidi ya miaka kumi. Sauti yake ilitetemeka, nami nikadhani sukari yake mwenyewe ndiyo imeshuka.

"Daktari, anapigapiga miguu, macho yamemtoka, hanitambui," alisema.

Nikamuuliza ni nani huyo, ni mjukuu? Akanyamaza kidogo, kama mtu aonaye haya.

"Ni paka."

Ninaeleza kisa hiki kwa idhini yake, na kwa sababu kosa moja kati ya yale yaliyotufikisha usiku ule lilikuwa langu. Majuma matatu kabla ya hapo mama huyu alikuwa amekuja kliniki kupimwa kama ada yake. Akifunga mkoba ili aondoke, alinidokezea kwamba paka wake naye amepatikana na kisukari na anadungwa sindano asubuhi na jioni. Nikacheka. Nilimwambia kwamba nyumba yake sasa imegeuka wadi. Akacheka pia, akaenda zake. Baadaye ndipo nilipojua kwamba alikuwa na swali kuhusu sindano hizo, na kicheko changu kilimfunga mdomo.

Wengi wenu huenda mnacheka pia. Katika mji ambao watu wanakatizwa dawa kwa kukosa fedha, kumnunulia paka insulini kunaonekana kama mzaha wa matajiri. Lakini mama huyu si tajiri. Ni mjane, wanawe wamehama, na paka huyo ndiye anayemlaki mlangoni. Amekwisha kuamua kumtibu. Tukimcheka hataacha kumtibu. Ataendelea kumtibu peke yake, kwa kukisia, na insulini ni dawa mbaya sana ya kukisia.

Niseme mapema kwamba mimi ni daktari wa watu. Sheria yetu ya mwaka 2011 inawaachia kazi ya kutibu wanyama wale waliosajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo, na ni vyema iwe hivyo. Tangu usiku ule, hata hivyo, nimesoma na kuuliza mengi kuhusu maradhi haya, nami nimestaajabu kuona jinsi paka anavyofanana nasi. Kisukari chake aghalabu ni kama kile cha watu wazima wanene: kongosho bado linatoa insulini, lakini haitoshi, na mwili hauitii. Humpata zaidi paka wa makamo aliyenenepa, hasa dume aliyehasiwa na anayeshinda ndani akilala kwenye kochi. Wengine huponzwa na sindano za steroidi wanazopewa mara kwa mara ili kuzuia kujikuna, jambo ambalo hata kwa binadamu tunalijua.

Dalili ni zile zile. Anakunywa maji mengi, anakojoa sana, anakula kwa pupa na bado anakonda. Wengine hudhoofika miguu ya nyuma hadi wakatembea visigino vikigusa sakafu. Mama huyu alishtuliwa na sisimizi. Aliona wamejipanga mahali paka alipokojoa karibu na mlango wa nyuma, akakumbuka kwamba hivyo ndivyo marehemu mamake alivyotambulikana kuwa na ugonjwa huu kijijini, kabla ya mtu yeyote pale kumiliki mashine ya kupimia sukari.

Kuna jambo moja ambalo humtofautisha paka. Hofu peke yake huweza kupandisha sukari yake kupita kiasi. Mtie kikapuni, mpandishe matatu, mpitishe katika honi na kelele za mjini, kisha mlaze juu ya meza baridi mbele ya mbwa anayebweka. Ukipima hapo utapata sukari ya kutisha kwa paka ambaye hana kisukari kabisa. Kwa hiyo kipimo kimoja cha kliniki hakitoshi. Daktari wa mifugo atapima tena, atapima mkojo, au atafanya kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya sukari kwa majuma yaliyotangulia. Ukiambiwa umdunge paka wako insulini kwa kipimo kimoja tu, una haki ya kuuliza maswali.

Sasa tuje kwenye chakula, kwa kuwa hapo ndipo paka wa Nairobi anapokosewa zaidi. Kwa desturi tunampa kilichosalia mezani: ugali uliolowekwa kwa maziwa au mchuzi, wali, kipande cha mkate. Paka ni mla nyama halisi. Mate yake hayana kile kiyeyushi cha wanga ambacho sisi tunacho, na ini lake halina wepesi wa kuishughulikia sukari nyingi inayoingia kwa mkupuo. Umbo lake ni la kula panya na ndege, yaani protini, mafuta kidogo, na wanga kama haupo. Paka mwenye kisukari anayelishwa ugali ni sawa na mgonjwa wangu anayeshushia tembe zake kwa soda.

Anachohitaji ni samaki, nyama na matumbo yaliyopikwa bila chumvi na bila vitunguu, au chakula cha paka cha mkebe, ambacho kwa kawaida kina wanga kidogo kuliko kile kikavu cha mifuko. (Vitunguu ni sumu kwa paka, hata vikiwa ndani ya mchuzi.) Nyama tupu bila kitu kingine pia haifai kwa muda mrefu kwa sababu ina upungufu wa kalsiamu, basi daktari wake aulizwe cha kuongeza. Ikiwa ni mnene apunguzwe taratibu, takriban asilimia 1 ya uzito wake kwa juma. Kamwe asishindishwe njaa. Paka mnene akikosa kula kwa siku chache, mafuta hujazana kwenye ini na huweza kumuua kabla ya kisukari.

Kuna habari njema ambayo sisi madaktari wa watu tunaionea wivu. Paka akianza kutibiwa mapema, kwa chakula kisicho na wanga na insulini inayomfaa, kongosho lake laweza kuzinduka hadi akaachishwa sindano kabisa. Si wote, na maradhi yaweza kurudi, lakini hutokea mara nyingi kiasi cha kuwa ni lengo linalotafutwa.

Hata hivyo habari hiyo njema ndiyo iliyo na hatari ndani yake. Ukimwondolea wanga, sukari hushuka, na sindano iliyomfaa juma lililopita huwa sasa imemzidi. Chakula na insulini ni pande mbili za mzani mmoja. Huwezi kugusa upande mmoja na kuuacha ule mwingine ulivyokuwa. Mama huyu aliacha ugali na maziwa kwa siku moja, kwa bidii kubwa, bila kumwarifu daktari wa mifugo. Aliendelea na yuniti 2 asubuhi na 2 jioni, vile vile.

Kisha kichupa cha insulini ya paka kikaisha siku ya Jumamosi, na muuzaji akamwambia angoje hadi wiki ifuatayo. Yeye anayo insulini yake ndani ya friji. Je, si dawa ile ile?

Hili ndilo swali ambalo hakuniuliza, wala si swali la kipumbavu. Insulini iligunduliwa Toronto mwaka 1921 kwa majaribio ya Banting na Best juu ya mbwa. Januari 1922 ilidungwa kwa mara ya kwanza kwa mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, na ilikuwa imetoka kwenye kongosho la ng'ombe. Miongo mingi binadamu waliishi kwa insulini ya ng'ombe na ya nguruwe. Ile ya paka ina tofauti ya kiungo kimoja tu na ya ng'ombe, kati ya viungo 51. Hata leo madaktari wa mifugo huwaandikia paka baadhi ya insulini zilizotengenezewa watu, nazo huwafaa.

Shida iko kwenye bomba la sindano. Insulini nyingi za wanyama huwa na yuniti 40 katika kila mililita, ilhali ile ya binadamu tunayoitumia hapa ina yuniti 100. Kila moja ina bomba lake, na mistari ya bomba hilo imechorwa kwa kuifuata. Kwa kawaida bomba la 40 huwa na kifuniko chekundu, na la 100 kifuniko cha rangi ya chungwa. Lakini usitegemee rangi, soma namba. Mama alivuta insulini yake mwenyewe kwa bomba la paka, akafika kwenye mstari wa 2 kama alivyozoea. Alichomdunga paka hakikuwa yuniti 2. Kilikuwa yuniti 5. Tena ilikuwa insulini ya mchanganyiko, yenye sehemu ya kufanya kazi haraka na sehemu ya kudumu kwa saa nyingi. Na paka mwenyewe alikuwa halishwi tena ugali.

Usiku ule nilimwambia apake asali kidogo kwenye ufizi wa paka kwa kidole, upande wa shavu, mbali na meno, wala asimimine chochote kinywani kwa kuwa mnyama aliyepotewa na fahamu hawezi kumeza. Alipotulia kidogo akamdunga ukingoni mwa sikio na kupima kwa mashine yake. Ilisoma 1.6. Mashine za binadamu husoma chini kidogo ya ukweli kwa damu ya paka, lakini hata ukiongeza hicho kidogo hiyo ni sukari ya kufisha. Mwana wa jirani aliwapeleka kwa daktari wa mifugo aliyekuwa zamu. Paka alitiwa maji ya glukosi mshipani hadi asubuhi. Alipona.

Mtu mwenye paka wa namna hii nyumbani angefaa ajue mambo ambayo nisingechelewa kumwambia mgonjwa wangu wa kibinadamu. Sindano huenda na chakula, kila baada ya saa 12. Paka akikataa kula au akitapika, usimpe kipimo chake cha kawaida kabla ya kuzungumza na daktari wake. Kama hukuona vyema iwapo dawa imeingia au imemwagika manyoyani, usirudie. Kukosa sindano moja hakutamuua, sindano mbili zaweza. Ukimwona ameduwaa, anayumba, au ana njaa ya ghafla isiyo ya kawaida, kwanza mpe chakula, maswali yafuate. Na sindano iliyomchoma paka isirudi kamwe ndani ya kichupa cha mtu.

Katika kupima, tusimdai paka sukari ya mwanafunzi wa udaktari. Madaktari wa mifugo huridhika ikikaa kati ya 5 na 15 hivi kwa sehemu kubwa ya siku. Hiyo 15 kwa mtu ingenikosesha raha. Lakini paka haishi miaka arobaini na ugonjwa huu hadi macho yake yaharibike. Shabaha ni ashibe, asikonde, asishinde kwenye bakuli la maji, na zaidi ya yote asishuke chini mno. Anayemfukuzia paka tarakimu nzuri kama za mtu ndiye atakayepigiwa simu usiku, au atakayepiga.

Mwaka 2022 na 2023 Marekani iliidhinisha dawa mbili za kumeza kwa paka, ambazo huitoa sukari kupitia mkojo. Tayari wapo wanaoniuliza kama sindano zimekwisha. La. Dawa hizo hazimfai paka ambaye amekwisha kutumia insulini, na hata kwa yule mpya zaweza kumtia asidi mwilini akafa huku sukari yake ikionekana nzuri. Zinahitaji uangalizi wa karibu pengine kuliko sindano.

Nina neno na wenzangu wa kliniki za watu pia. Tunapomwandikia mgonjwa insulini hatumuulizi ni nani mwingine nyumbani anayetumia sindano. Tunaulizia watoto, tunaulizia friji, tunaulizia hata mtungi wa udongo wa kuhifadhia dawa stima ikipotea. Swali la mnyama linachukua nusu dakika. Nami sasa naliuliza, na nimekwisha kumpata mgonjwa wa pili, mzee mmoja mwenye mbwa.

Mama wa Buruburu alirudi wiki iliyopita. Paka yuko kwenye yuniti 1 asubuhi na 1 jioni, kwa bomba lake na kichupa chake, na daktari wake anafikiria kuipunguza tena. Alikuwa na madaftari mawili mkobani. La paka limejazwa kila siku bila kuruka: saa, kipimo, alichokula, alichobakisha. Lile lake mwenyewe lilikuwa na mapengo ya siku nne, tano. Nililiweka kando, nikamwomba aniachie la paka nilisome kwanza.