Baiskeli Isiyokwenda Popote

Baiskeli ya mazoezi ya nyumbani huharibika kwa namna chache tu: mkanda hukatika, pedeli hulegea, au beringi ya mhimili huliwa, mashine ikaanza kulia kama mlango wa ghala. Iliyoharibika wiki hii Masisi Centre ni ya namna ya tatu. Kulia kwake kunavumilika. Kinachokera ni kwamba dawa ilikuwa nyumba ya pili, ikafukuzwa.

Mwenye mashine ni mfanyabiashara aliyeamriwa na daktari apunguze kitambi. Alimpigia simu muuzaji wake Goma, akajibiwa kwa lugha ya kila muuzaji wa kuahidi wiki ijayo: vipuri viko njiani, na kama haraka ni kubwa, inunuliwe mpya.

Jirani yake hutengeneza chukudu. Chombo hicho cha mbao, chenye raba ya tairi kuukuu kwenye magurudumu, hubeba mamia ya kilo za viazi, kabichi na makaa kutoka milima ya Masisi hadi Goma, ambako tangu 2009 kina sanamu yake ya rangi ya dhahabu. Magurudumu yake huzunguka juu ya beringi. Fundi huyo alifungua kifuniko cha baiskeli, akafuta grisi kwa kidole, akasoma namba: 6203. Namba hiyo haina siri. Ni tundu la milimita 17, kipenyo cha nje 40 na unene 12, iwe imetoka China au Japani, na wauza vipuri vya pikipiki wanaijua. Kabla hajashika nyundo, mwenye mashine alimwambia aache: yeye ni fundi wa mbao, hii ni mashine.

Chanzo cha kumkataa ni plastiki inayong'aa. Imewafundisha watu kwamba ilichokifunika hakifunguliwi na mikono yenye vumbi la msumeno. Mwenye chukudu hana ugonjwa huo. Chombo chake kikivunjika asubuhi, hugongwa na kufungwa hapo hapo barabarani, kwa sababu viazi havingoji wiki ijayo.

Hatimaye mashine imepelekwa Goma kwa wataalamu. Imefungwa kamba juu ya chukudu la jirani yule yule, ikashuka mteremko wa kuelekea Sake ikiwa imelala chali, pedeli zikizunguka zenyewe hewani. Beringi zilizokuwa chini yake hazikulia hata mara moja.