Kiti cha Ushindi Kisigeuzwe Kiti cha Mwaliko

Wapenzi wa kandanda katika nchi yetu wana shaka moja, nayo yastahili kujibiwa kwa hoja wala si kwa kejeli. Wauliza hivi: vilabu vyetu vikubwa vikiungana na matajiri wa mpira wa nchi nyingine katika ligi ya peke yao, ligi yetu ya nyumbani itabakiwa na nini? Swali hili halikuzaliwa na wivu, wala halikuzaliwa na hofu ya mgeni. Lilizaliwa Arusha mwezi wa Agosti 2022, pale Shirikisho la Mpira wa Miguu la Afrika, CAF, lilipotangaza kwamba litaanzisha ligi mpya ya vilabu vikubwa vya bara zima. Likapata nguvu mwezi wa Oktoba 2023, ligi hiyo ilipofunguliwa Dar es Salaam. Hata sasa lingali hai, maana halijapata jibu la kuridhisha.

Kwanza tuzitazame ahadi. Pale Arusha ilisemwa kwamba vilabu 24 vitashiriki, kwamba fungu la zawadi litakuwa dola milioni 100, na kwamba bingwa peke yake atachukua dola milioni 11.5. Ilisemwa pia kwamba sehemu ya mapato itavifikia vyama vya mpira vya nchi wanachama. Mwaka mmoja baadaye jina la mashindano lilikuwa limebadilishwa, vilabu vilikuwa vimepunguzwa hadi 8, na zawadi ya bingwa ilikuwa dola milioni 4. Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini ndiyo iliyotwaa kombe mwezi wa Novemba 2023, baada ya kuishinda Wydad ya Morocco. Mwaka 2024 ligi hiyo haikuchezwa kabisa. Hatuyasemi haya kwa kulicheka Shirikisho, kwa kuwa kila jambo jipya lina taabu zake. Twayasema ili msomaji aone kwamba ahadi ya fedha si fedha, na kwamba mwenye nyumba hauzi paa lake kwa sababu ameahidiwa bati.

Hata hivyo haki lazima isemwe. Tarehe 20 Oktoba 2023 ilikuwa siku ya fahari kwa Tanzania. Katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, wenye nafasi ya watu wapatao 60,000, Simba walitoka sare ya mabao 2 kwa 2 na Al Ahly ya Misri, klabu iliyotwaa ubingwa wa Afrika mara nyingi kuliko nyingine yoyote. Rais wa FIFA, Gianni Infantino, alikuwapo. Siku nne baadaye, mjini Cairo, timu hizo zilitoka tena sare, 1 kwa 1, na Simba wakatolewa kwa kanuni ya mabao ya ugenini tu. Katika juma lilo hilo TP Mazembe ya Lubumbashi nayo iliutumia uwanja wetu kuwa nyumbani kwake, ikaishinda Espérance ya Tunis kwa bao 1 kwa bila. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hakuna Mtanzania mwenye akili timamu atakayesema kwamba heshima ile ilikuwa hasara.

Lakini tuulize jambo la pili: wale wanane waliketi pale kwa njia gani? Waliitwa. Hapakuwa na mechi za kufuzu. Msimu wa 2021/22 na ule wa 2022/23 bingwa wa Tanzania alikuwa Yanga. Tena mwezi wa Juni 2023 Yanga hao walimaliza fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika wakiwa sawa na USM Alger ya Algeria, mabao 2 kwa 2 kwa mechi zote mbili, wakalikosa kombe kwa mabao ya ugenini. Miezi minne baadaye bingwa huyo wa nchi alikuwa mtazamaji, na aliyemfuata ndiye aliyekaribishwa.

Simba hawakuiba nafasi hiyo. Walikuwa wamefika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika katika misimu ya 2018/19, 2020/21 na 2022/23, na sifa hiyo ni jasho lao wenyewe. Wala hatutaji kwa dhihaka kwamba tarehe 5 Novemba 2023 Yanga waliwafunga Simba mabao 5 kwa 1 katika Ligi Kuu. Mpira ni duara, na aliye juu leo kesho yuko chini. Twataja mambo hayo kwa sababu yaonyesha tofauti ya desturi mbili. Ligi humwuliza mchezaji: umefanya nini msimu huu? Mwaliko humwuliza: jina lako ni nani? Desturi ya kwanza humwacha mlango wazi kila mtu mwenye juhudi. Ya pili huufunga mlango, na ufunguo hukaa katika mfuko wa mwenye kualika.

Pengine msomaji wa Mahongole, katika Halmashauri ya Mji wa Makambako, atasema: hayo ni ya Dar es Salaam na Cairo, yanihusu nini? Twamjibu kwamba yamhusu yeye kuliko mtu wa Dar es Salaam. Mpira wa nchi hii umejengwa kama ngazi. Timu ya kata hucheza wilayani. Bingwa wa wilaya hutafuta ubingwa wa mkoa. Bingwa wa mkoa hukutana na mabingwa wenzake. Na anayeshinda hupanda daraja kwa daraja hata kufika Ligi Kuu. Njombe Mji ilipanda ngazi hiyo hiyo, ikacheza Ligi Kuu msimu wa 2017/18. Ikashuka mwishoni mwa msimu ule ule, pamoja na jirani zetu Majimaji wa Songea. Msimu mmoja ni mfupi. Lakini katika msimu huo vilabu vikubwa vililazimika kuipanda barabara ya nyanda za juu na kucheza Uwanja wa Sabasaba, Njombe, kwenye baridi yetu, mbele ya watu wetu. Hawakuja kwa hisani. Waliletwa na ratiba, na ratiba iliandikwa kwa ushindi wa vijana wa hapa.

Wazee wetu wa nyanda za juu wana kumbukumbu kubwa zaidi. Mwaka 1986 bingwa wa Tanzania hakutoka Kariakoo. Alikuwa Tukuyu Stars, timu ya mji mdogo wa Rungwe. Mwaka 1988 alikuwa Coastal Union ya Tanga. Mwaka 1999 na 2000 alikuwa Mtibwa Sugar, timu ya mashamba ya miwa ya Morogoro. Lakini tangu 2001 kombe hilo limezunguka mikononi mwa Simba na Yanga tu, isipokuwa mwaka 2014 lilipochukuliwa na Azam. Basi tuseme kweli: ngazi yetu ilikuwa imekwisha kulegea kabla CAF haijataja ligi mpya. Aliyeilegeza si mgeni. Ni fedha, ambazo huwafuata walio na mashabiki wengi, na mashabiki huwafuata walio na fedha. Ikiwa sasa klabu moja au mbili zitawekewa fungu jingine la nje, fungu ambalo timu ya Njombe, Songea au Kigoma haiwezi kulifikia hata ikishinda, ngazi iliyolegea itang'oka.

Shaka hii si yetu peke yetu. Mwezi wa Aprili 2021 vilabu 12 vya Ulaya vilitangaza ligi yao ya peke yao. Mashabiki wa Uingereza walijaa barabarani, na katika muda wa siku mbili vilabu vyote 6 vya Uingereza vikajitoa. Lakini mfano wenye mafunzo zaidi kwetu watoka Canada, nchi ambayo, kama sisi, ina mchezo wake wenye mapenzi makubwa na jirani mwenye mfuko mkubwa.

Wakanada wana mpira wao, ule wa umbo la yai unaochukuliwa mikononi. Wafanana na wa Marekani, lakini si mmoja: Wakanada hucheza watu 12 kila upande na Wamarekani 11, Wakanada hupewa majaribio matatu ya kusogeza mpira na Wamarekani manne. Kombe lao, Kombe la Grey, lilianza kushindaniwa mwaka 1909. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona uliufuta msimu wao mzima. Mwezi wa Machi 2021, mifuko ikiwa mitupu, viongozi wa ligi hiyo wakatangaza kwamba wanazungumza na ligi ya Kimarekani iitwayo XFL juu ya kushirikiana. Mashabiki wengi wakashtuka. Wakauliza: kanuni zetu zitakuwaje? Wachezaji wa Kikanada watapata nafasi? Miji yetu midogo itahesabiwa? Mwezi wa Julai 2021 mazungumzo yakavunjika bila mapatano.

Yaliyofuata yafaa kuangaliwa sana. Ile XFL, ambayo wengine waliiona kuwa mwokozi, haikudumu. Ilipofika mwaka 2024 ilikuwa imekwisha kuungana na mpinzani wake na jina lake kutoweka. Ligi ya Canada, iliyodhaniwa kuwa mgonjwa, ingali yacheza. Tena haikuwa mara ya kwanza. Kati ya 1993 na 1995 Wakanada waliingiza timu za miji ya Marekani katika ligi yao, na mwaka 1995 Kombe la Grey likachukuliwa na Baltimore. Msimu uliofuata timu zote za Marekani zilikuwa hazimo, na waliobaki kuibeba ligi ni wale wale wa Regina, Winnipeg na Hamilton.

Lakini kuna funzo la pili, nalo ni chungu. Mwezi wa Septemba 2025 ligi hiyo ya Canada, bila kushurutishwa na mshirika yeyote, ilitangaza yenyewe kwamba kuanzia 2027 itaufupisha uwanja wake kutoka yadi 110 hadi 100, urefu ule ule wa Marekani, na kuyahamisha magoli. Mashabiki wengi wakaona kwamba lile walilolikataa mlangoni limeingia dirishani. Maana yake ni kwamba mkataba na mgeni si hatari ya pekee. Viongozi wa nyumbani waweza kuugeuza mchezo hatua kwa hatua, kila hatua ikiwa na sababu nzuri, hata wenyewe wasiutambue tena. Shabiki anayekesha akimlinda mgeni tu amelinda nusu ya nyumba.

Sasa tusikilize upande wa pili, maana una hoja. Wasema: bila fedha za nje wachezaji wetu bora wataondoka, bila kupambana na wakubwa hatutakua, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Twakubali. Kujifungia ndani hakujapata kuikuza timu yoyote. Kushirikiana na majirani ni desturi ya zamani ya mpira wetu: nchi za Afrika Mashariki zilishindania Kombe la Gossage tangu miaka ya 1920, na mwaka 1974 Simba walitwaa ubingwa wa kwanza wa vilabu vya Afrika Mashariki na Kati. Yanga walifika fainali ya Afrika mwaka 2023. Simba walifika fainali ya mwaka 2025 dhidi ya RS Berkane ya Morocco, ambayo mechi yake ya pili ilichezwa Zanzibar. Fainali hizo mbili zilianza katika Ligi Kuu ya Tanzania. Basi njia ya kukutana na wakubwa ipo, nayo yapita nyumbani. Hatuikatai safari, twakataa safari isiyopita nyumbani.

Kwa hiyo, iwapo ligi ile ya bara itarudi, au nyingine ya namna hiyo itakuja kwa jina jingine, yatupasa kuwa na masharti yetu tayari. La kwanza, kiti cha Tanzania kiwe cha aliyeshinda Tanzania msimu uliotangulia, awe anatoka Dar es Salaam au Makambako. La pili, sehemu ya fedha zitakazopatikana, kwa kiwango kilichoandikwa na kutangazwa, ishuke mpaka madaraja ya chini. Mwaka 2021 Shirikisho la Mpira la Tanzania na Azam Media walitia saini mkataba wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka kumi ya kuonyesha mechi za Ligi Kuu. Kila mwananchi alizisoma hesabu hizo gazetini. Kama hilo liliwezekana, na hili lawezekana. La tatu, wenye vilabu waulizwe. Simba walipokubali mabadiliko ya mwaka 2017, ilisemwa kwamba hisa 51 kwa mia ni za wanachama. Mwenye hisa 51 haambiwi habari ya nyumba yake na redio.

Masharti haya si magumu, wala hayamfukuzi mgeni. Yamwambia tu kwamba akija atakuta nyumba yenye wenyewe. Vijana wa Mahongole wanaotazama mechi za mbali katika kile wanachokiita kibanda umiza, na jioni wakashuka uwanjani kucheza wenyewe, hawaombi kupendelewa. Waomba jambo moja: kwamba kati ya uwanja wao wa vumbi na ule wanaouona katika televisheni, hata kama njia ni ndefu na yenye miiba, njia iwepo. Viongozi wa mpira watakaoikata njia hiyo kwa ajili ya ahadi ya dola watakuwa wameuza kitu ambacho hawakupewa wauze.