Muchezo wa bure hauko bure: macho ya watoto wetu si ya kuuzisha



Mimi ni mupenzi wa michezo ya video na sioni haya kuyasema. Kuko wakubwa wenyi kusema kama telefone na Play njo vinaharibisha vijana wa huu muji. Siko pamoja nao. Kijana mwenyi hana kazi, akicheza saa mbili na wenzake, hajaumiza mutu. Ndani ya Free Fire munaingia kikosi cha watu wane, na mwenyi kukimbia mbele peke yake anaponza wote: hilo ni somo hata kwa viongozi wetu. Na jioni, mu sauti za wachezaji, unasikia Kiswahili cha Goma, cha Bujumbura na cha Nairobi vinaelewana bila viza.

Shida haiko muchezo. Shida ni mambo mawili: namna wanatuuzisha matangazo ndani yake, na namna sisi wenyewe tunasemeshana pale.

Tuanze na feza. Zamani muchezo wa mupira wa Konami ulikuwa unauzwa: unalipa mara moja, inaisha. Tangu 2021 unaitwa eFootball na unachukuliwa bure. Free Fire pia ni ya bure. Lakini hakuna kampuni yenyi kulipa wafanyakazi wake na hewa. Kwa michezo ya bure, feza inaingia kwa milango mingine: matangazo, vitu vya kununua ndani, na visanduku vya bahati.

Mulango wa matangazo njo unatuuma kila siku, zaidi mu ile michezo midogo ya telefone. "Angalia video ya segonde 30 upate sarafu." Kwenyi intaneti ni ya bei ya chini, ile video ni kitu kidogo. Hapa kwetu, mwenyi kununua mega za franga mia tano anazihesabu kama vile mama anahesabu makala ya kupikia. Ile video inakula mega zetu, si za kampuni. Ni kusema tunalipa sisi wenyewe ili watuonyeshe biashara yao.

Mukumbuke RAM. Tangu 2020 walikuwa wanakata unite zetu juu tu tuko na telefone. Raia wakapiga kelele, na mwaka wa 2022 ikaondolewa. Tulijua kukataa mukono wa Serikali ndani ya mufuko wetu. Mukono wa tangazo nao uko ndani ya ule ule mufuko, na tunauchekea tu.

Mutaniambia: RAM ilikuwa ya nguvu, lakini tangazo mutu anaangalia kwa mapenzi yake. Kwa mutu mukubwa, pengine. Kwa mutoto wa miaka munane, mapenzi gani?

Tena matangazo yenyewe yanadanganya. Unaonyeshwa mutu anataka kuungua na moto, unavuta kijiti ili umuokoe. Unachukua muchezo, mega zinaisha, kumbe ndani ni kupanga vitu tatu-tatu vya rangi moja. Mwaka wa 2020, Uingereza, mamlaka ya kuchunga matangazo ilikataza matangazo mawili ya kampuni ya Playrix, wenyi Homescapes na Gardenscapes, juu yalionyesha muchezo wenyi haufanane na ule wa kweli. Huku kwetu, nani anakataza?

Yenyi kuniuma kupita yote ni matangazo ya pari. Mutoto anamaliza mechi yake ya mupira ku telefone ya mama, na palepale kunatokea kijana mwenyi kucheka, makuta mukononi, anamuambia aweke kidogo apate kingi. Mutoto hajajua bado kugawanya ku masomo, lakini amekwisha kujua kupari. Na kesho, wakati atakosa kazi, ile njia itakuwa imekwisha kufunguliwa ndani ya kichwa chake.

Visanduku vya bahati ni ndugu ya pari. Unalipa bila kujua muchezaji gani atatoka. Mu mwezi wa ine 2018, Ubelgiji, tume yao ya michezo ya bahati ilisema kama visanduku vya kulipia vya FIFA 18, vya Overwatch na vya Counter-Strike: Global Offensive vinavunja sheria ya inchi. Mu mwezi wa kwanza 2019, EA ikaacha kuuzisha FIFA Points kule. Muchezo haukufa. Watu waliendelea kucheza. Sasa, kama mutoto wa Bruxelles anaweza kucheza bila sanduku, wa Bukavu amekosa nini?

Na tuchekeshane kidogo: sisi, inchi yenyi almasi ya Mbuji-Mayi, tunatuma feza ya unga ili tununue "almasi" ya Free Fire, yenyi haiwezi hata kuvaliwa ku kidole!

Sasa upande wetu. Tusiweke makosa yote juu ya kampuni, juu hakuna kampuni yenyi kutufundisha kutukana mama wa mutu kisha kufungwa bao. Tunafanya wenyewe. Mutu anashindwa, anafungua mikro, anatafuta kabila ya mwenzake ku jina ao ku lafuzi, anamuambia "rudi kwenu". Wengine wanacheka. Sisi watu wa huku tunajua namna maneno ya kabila yanaanza: yanaanza kama mazaha. Kiisha yanatoka ku telefone, yanafika ku barabara, na yakifika kule hakuna mwenyi kucheka tena.

Kuko pia badada wenyi kucheza na mikro imefungwa, juu wakisema neno moja tu, mutu anaanza kuwaomba picha. Wanacheza vizuri kupita sisi, lakini kikosi hakisikie sauti yao. Ile si heshima, na hata kwa kushinda mechi ni ujinga.

Mu mwezi wa kumi na mbili 2022, Epic Games, wenyi Fortnite, walikubali kulipa dolari milioni 520 huko Marekani. Moja ya makosa waliyoshitakiwa: sauti na maandiko yalikuwa yanafunguliwa yenyewe, mutoto anajikuta anasema na watu asiojua. Ni kusema hata wale wenyi kutengeneza michezo wanajua kama mikro ni mulango. Kila mulango unaitaji mulinzi.

Kwa hiyo tunaomba hivi:

1. Kampuni za michezo na za matangazo: hapana tangazo la pari ndani ya muchezo wenyi watoto wanaucheza. Na alama ya kufunga tangazo ionekane, isifichwe kama sindano ndani ya majani.

2. Serikali: tuna sheria ya kulinda mutoto ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009, na sheria ya numeriki ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023. Zitumiwe juu ya wale wenyi kuuzishia watoto bahati nasibu.

3. Wazazi: mbele ya kuchukua muchezo, musome ku Play Store, karibu na jina lake. Inaandikwa pale kama una matangazo na kama unauzisha vitu ndani. Namba ya siri ya M-Pesa ao ya Airtel Money isijulikane na mutoto. Na muchezo wenyi hauombe intaneti, mufunge mega mbele ya kuufungua.

4. Wachezaji wenzangu: mwenyi kutukana kabila ao kusumbua dada, mumushitaki ndani ya muchezo na mumutoshe ku kikosi, hata kama njo anajua kulenga kupita wote.

Hakuna polisi mwenyi ataingia kila mazungumuzo ya wachezaji. Mulinzi wa kwanza ni mwenyi kufungua kikosi. Leo jioni ukifungua chako, uwaambie masharti mbele ya mechi kuanza. Mwenyi hataki, akacheze peke yake.