Picha za Maelekezo Zipimwe Kwanza Suneka

Tarehe 30 Juni ndiyo siku ya mwisho ya watu binafsi kuwasilisha ritani za kila mwaka za kodi ya mapato kwa Mamlaka ya Mapato ya Kenya, KRA. Anayechelewa hutozwa faini ya angalau shilingi 2,000, hata kama mwaka mzima hakuingiza chochote. Ndiyo maana vijana wasio na ajira katika miji kama Suneka, kwenye barabara kuu ya Kisii kwenda Migori, humlipa mhudumu wa saiba awabofyee iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni, kazi ambayo wangeweza kuifanya wenyewe.

Hawajakosa maelekezo. Yapo tele, na picha zimejaa. Tatizo ni kwamba mwandishi hupiga picha skrini nzima ya kompyuta, akaibana hadi herufi zisisomeke, kisha akamwachia msomaji mwenye simu ajitafutie mahali pa kutazama.

Kuchagua picha kuanze na swali moja: mtumiaji hukwama wapi? Kuandika PIN na nywila hakuhitaji picha. Sentensi moja yatosha. Orodha ya ritani ndiyo inayohitaji, kwa kuwa “File Nil Return”, ya asiye na mapato, imo katikati ya majina mengine yanayofanana nayo. Hapo picha ikatwe, ibaki orodha hiyo tu na mshale mmoja. Jina la Kiingereza liachwe lilivyo kwenye skrini, maelezo yawe ya Kiswahili.

Rangi nazo zina hila. “Bofya kitufe chekundu” haina maana karatasi ikishatolewa kopi nyeusi na nyeupe, wala haimsaidii asiyetofautisha rangi. Mwongozo wa mwaka 2008 wa W3C, shirika la viwango vya wavuti, unakataza rangi peke yake kubeba ujumbe. Namba ndani ya duara hubaki ikisomeka hata kwenye kopi hafifu.

Kuna pahali ambapo picha haifai kabisa. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya bima ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, husajili watu pia kupitia *147#. Mwenye kabambe, simu ndogo ya vitufe, huona mistari ya maandishi tu. Picha ya simu janja inayong’aa itampoteza. Jedwali la safu mbili, utakachoona na namba ya kubonyeza, litamfikisha.

Watetezi wa mtindo wa sasa watasema mifumo hubadilika kila mara na picha huchakaa. Ni kweli, na ndiyo sababu ya kuzipunguza: tatu zilizokatwa vizuri, zenye tarehe chini yake, ni rahisi kusasisha kuliko thelathini.

KRA na SHA wangefanya vyema kabla ya kutoa mwongozo kuupeleka Suneka, ukiwa kwenye kopi ya karatasi na kwenye simu ndogo, wakawaketisha watu wachache waufuate bila kusaidiwa. Kila hatua itakayowakwamisha irekebishwe, na kila picha ambayo hakuna aliyeitazama iondolewe.