Nenda Kisii kabla hujaitiwa matanga

Ndugu msomaji, hebu jiulize: ni lini mara ya mwisho ulipokwenda Kisii au Nyamira bila kuitwa na matanga? Wengi wetu wa mjini tunasafiri usiku, tunazika asubuhi, tunakula wali wa sufuria kubwa, na jioni tunapanda basi kurudi Nairobi. Watoto wetu wanaona kaburi na tope basi. Kwao hawakujui.

Wajapani wana desturi ya kuchukua jamaa zao kila mwaka, majani ya miti yanapogeuka mekundu, wakatembea na kuonja vyakula vya mahali. Matembezi hayo huyaita momijigari. Kwetu majani ni ya kijani mwaka mzima, lakini miguu ya kutembea tunayo. Likizo hii tenga siku moja.

Usichague Jumamosi. Wenyeji wengi ni Wasabato, na siku hiyo maduka kadhaa hufungwa. Tena anza mapema, kwa maana alasiri mvua ya huku haibishi hodi.

Asubuhi panda Manga, upande wa Nyamira. Ukifika ukingoni utaona mji wa Kisii, ambao wazee huuita Getembe, umelala bondeni kati ya migomba na mashamba madogo madogo. Hapo ndipo mahali pa kuwasimulia watoto habari za Otenyo, aliyemchoma mkuki Northcote, mtawala Mwingereza, Januari 1908, baada ya ng'ombe wa Wagusii kunyang'anywa. Moraa, mwanamke mtabiri, ndiye aliyewachochea vijana wasikubali kutawaliwa. Northcote alipona, lakini Waingereza walilipiza kisasi kwa kuchoma nyumba na kuua watu wengi. Mtoto akiyasikia haya akiwa amesimama juu ya nchi yenyewe, hatayasahau.

Ukipata nafasi, pita Kebirigo uone wachumaji chai na vikapu vyao mgongoni. Kikombe unachokunywa kila asubuhi huanzia kwenye vidole vile.

Saa sita tumbo litadai haki yake. Usikimbilie chipsi, hizo umeziacha mjini. Agiza matoke, kisha ugali wa wimbi, ule mweusi mweusi, pamoja na chinsaga. Mboga hii ni chungu kidogo. Mama anayejua kazi yake huichemsha, akatia maziwa, akaiacha ilale na kuipasha tena kesho yake mpaka ule uchungu ukawa utamu. Ugali wa jadi hupakuliwa katika kikapu kilichosukwa kiitwacho ekee, nao hukaa moto muda mrefu. Watoto wakikunja uso, waambie waonje tonge la pili kabla ya kutoa hukumu.

Na wasishangae wakimsikia mtoto mwenzao akimwita mama yake "baba". Kwa Ekegusii baba ndiye mama, na baba mzazi ni tata!

Alasiri, mvua ikitisha, nenda Tabaka, kusini magharibi ya mji, ukajifiche chini ya vibanda vya wachongaji. Jiwe la huko ni laini, hukatwa kwa panga na kuchongwa kwa kisu likiwa limelowa. Baadaye, na mara nyingi kwa mikono ya akina mama, husuguliwa kwa msasa na maji, likang'arishwa kwa nta. Elkana Ong'esa, mwana wa Tabaka, alichonga ndege wa amani anayesimama katika makao makuu ya UNESCO, Paris. Kumbe jiwe la kijijini linaweza kusafiri kuliko sisi!

Ukinunua kiboko au sahani, bishana bei kwa heshima. Tazama vumbi jeupe kwenye nywele za mchongaji, kisha ukumbuke kwamba kitu hicho hicho dukani Nairobi hukigombanii. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Lakini kabla ya kurudi, msomaji, piteni kwa bibi, yule ambaye watoto wa huko humwita magokoro. Msiende na sukari na mkate peke yake. Mwombeni awaonyeshe chinsaga hupikwaje, na majina ya mababu wenu ni yapi. Hayo hayauzwi sokoni Daraja Mbili, na siku atakapofumba macho mtakuja wote, mabasi mawili yamejaa, mkilia. Ila wa kumwuliza hatakuwapo.

Nauli ya matanga hatukosi kamwe. Tuitafute na ya kumwona mtu akiwa hai.

Tukutane Jumapili ijayo.